Chumba kwa Chumba

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na mlango mmoja wa mbele, na mbele ya mlango kulikuwa na baraza. Ukiingia ulikuta ukumbi mrefu unaoigawa nyumba katikati, vyumba vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto. Mwisho wa ukumbi ulitokea uani, penye jiko, choo, kamba za kuanikia nguo na banda moja au mawili yaliyoongezwa baadaye. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na jamaa zake. Vitano vilivyobaki walikaa wapangaji: kuli wa bandarini, fundi cherehani, mpishi wa Uzunguni, mama muuza vitumbua. Mwezi ukiandama, kila chumba kilitoa kodi yake, na kodi ile ndiyo iliyonunua fito za kuongeza banda la uani, ambalo nalo likapata mpangaji.

Vitabu vya historia ya miji havina desturi ya kuanzia hapo. Huanza na mtawala aliyenyosha kidole, huja mhandisi aliyepiga mstari, kisha huhesabu mipango kabambe mmoja baada ya mwingine, kana kwamba mji huzaliwa na karatasi. Nimekuwa nikisoma habari za Dar es Salaam kwa mtindo huo: utafiti ambao J.A.K. Leslie, afisa wa serikali ya kikoloni, aliufanya mwaka 1956. Kazi za John Iliffe, Andrew Burton na James Brennan. Maandiko ya Lusugga Kironde kuhusu ardhi ya jiji. Kila nilipofunga kitabu nilibaki na swali la mtu wa kawaida: nyumba zilizowalaza watu mamia kwa maelfu, hatimaye mamilioni, zilitoka mfukoni mwa nani? Jibu limo humo humo vitabuni, ila limewekwa pembeni, mara nyingi katika sura inayozungumzia matatizo ya makazi. Jibu ni yule mwenye nyumba wa vyumba sita.

Minazi ya Majid

Kabla ya Dar es Salaam palikuwa na Mzizima, makazi ya Washomvi na Wazaramo ufukweni, walioishi kwa uvuvi, kilimo na biashara ndogondogo. Katikati ya miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliitamani bandari yao. Mlango wake ni mwembamba, lakini ukishaupita unakuta maji ya kina yaliyotulia. Unguja alikokaa Majid palikuwa na macho mengi: mabalozi wa Kizungu waliofuatilia kila jambo lake, na ndugu yake Barghash, ambaye mwaka 1859 alijaribu kumpindua. Ng'ambo ya pili, karibu na njia za misafara ya bara, angeweza kupumua.

Akajenga kasri, nyumba ya wageni na majengo mengine kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Mji ukapewa jina la amani. Nyuma yake ilipandwa minazi, na mikono iliyoipanda ilikuwa ya watumwa. Ile nyumba ya wageni ingali imesimama, ikiitazama bandari: ndilo Boma la Kale.

Majid alifariki mwaka 1870. Barghash aliyemrithi hakuwa na haja na mji wa kaka yake. Ujenzi ukasimama, paa zikaanza kuvuja, magugu yakaota ndani ya kuta ambazo hazijapata kuezekwa. Mwaka 1877 ilianzishwa barabara ya kuelekea Ziwa Nyasa kwa fedha za Mwingereza William Mackinnon, nayo ikaachwa baada ya miaka michache, haijafika mbali. Walioshikilia mahali pale ni wale wasiokuwa na kasri la kurudia: wafanyabiashara wachache wa Kihindi na Kiarabu, Wazaramo, na watu wa mashamba ya minazi. Mpango wa kwanza wa Dar es Salaam ulikufa pamoja na mwenyewe. Mji haukufa, kwa kuwa walikuwamo watu wanaokaa.

Sheria ya kuta

Wajerumani walifika mwaka 1887 kupitia kampuni yao ya Afrika Mashariki. Mwaka 1891 serikali ya koloni ikahamisha makao makuu kutoka Bagamoyo. Bagamoyo ilikuwa na watu na biashara, lakini maji yake ni ya chini na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali. Bandari ya Majid ikamshinda mwenzake kwa kina cha maji.

Mwaka huo huo wa 1891 ilitoka kanuni ya ujenzi, na kwa maoni yangu hakuna maandishi yaliyoutengeneza mji huu zaidi kuliko kanuni ile. Iliugawa mji katika maeneo kwa kufuata aina ya nyumba. Upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, nyumba zilipaswa kuwa za mtindo wa Kizungu. Eneo la pili lilitaka nyumba imara za mawe. Eneo la tatu, nyuma, ndiko ziliporuhusiwa nyumba za miti, udongo na makuti. Kanuni ilizungumza habari za kuta na paa. Lakini katika mji ambao mshahara ulifuata rangi, kuutaja ukuta kulitosha. Mwenye udongo akajua pa kwenda.

Miaka minne baadaye, mwaka 1895, amri ya Kaisari ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Aliyedai kuwa mwenyewe alitakiwa kuthibitisha. Mzaramo aliyerithi shamba la babu yake alikuwa na ushahidi wa miti, makaburi na majirani, ilhali ofisi ilitaka karatasi. Tangu hapo mji huu una ardhi za namna mbili: ile inayojulikana ofisini na ile inayojulikana mtaani. Mpaka leo hazijapatana.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Reli ilileta watu, na watu walitaka pa kulala. Nyumba za udongo zikasogeleana na nyumba za mawe, jambo ambalo wakubwa hawakulipenda. Wakatoa hoja ya afya: mbu wa malaria angetoka nyumba ya mwenyeji akamuume mgeni, basi afadhali paachwe uwanja mtupu katikati. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilinunua shamba la minazi la Mjerumani aitwaye Schoeller, magharibi mwa mji, ikapiga mistari ya mitaa iliyonyooka na kukatana kama kitambaa cha drafti. Huko ndiko wenyeji wangehamishiwa. Kabla hawajahamia, vita ikaingia.

Kambi ya wapagazi

Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916. Shamba la Schoeller likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu waliokusanywa kutoka pembe zote za Afrika Mashariki kubeba risasi na unga wa majeshi hawakuwa na muda wa kulitamka jina hilo Kizungu. Wakalitia vokali zake, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa uliozaliwa na jina hilo hilo.

Wapagazi walikufa makumi kwa maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1927 ilisimamishwa sanamu ya askari katikati ya mji, pale pale iliposimama zamani sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini ya sanamu ile, lakini umbo la shaba ni la askari. Kumbukumbu ya mpagazi ni soko na mitaa inayolizunguka, na anayelitamka jina lake kila siku ni kondakta wa daladala.

Baada ya vita, Waingereza waliichukua michoro ya Wajerumani karibu kama ilivyokuwa. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule, na masharti ya udhamini hayakuruhusu kutunga sheria ya wazi inayobagua watu kwa rangi. Njia ilikuwa imeshachongwa: sheria iseme nyumba, isimseme mtu. Eneo la kwanza likawa la nyumba za Kizungu, la pili la makazi na biashara, la tatu la nyumba za kienyeji. Watu wakayasoma kama yalivyokusudiwa kusomwa, wakayaita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa ule uwanja mtupu wa kuzuia mbu, pakaitwa Mnazi Mmoja.

Hapa ndipo yule mwenye nyumba anapoingia. Mwaka 1923 Sheria ya Ardhi iliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya gavana. Kariakoo mtu alipewa kiwanja kwa kodi ya serikali na bila hati ya muda mrefu. Nyumba ni yake, ardhi si yake. Bila hati hakuweza kuweka rehani. Kulikuwa pia na sheria iliyowabana wafanyabiashara wasiwakopeshe Waafrika, iliyotungwa kwa jina la kuwalinda wasinyonywe. Kwa hiyo mtu aliyetaka kujenga alikuta milango miwili imefungwa, wa ardhi na wa mkopo, halafu akaja kulaumiwa kwamba hajui kujenga ila kwa udongo.

Alifanyaje? Alijenga kwa alichoweza kukilipia mkononi. Miti ya mikoko kutoka Rufiji, fito, udongo wa pale pale, makuti ya minazi ya jirani. Baadaye madebe ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyoshwa yakawa bati. Alianza na vyumba viwili, akapangisha kimoja. Kodi ya kile kimoja ikajenga cha tatu. Benki ilikuwa ni mpangaji. Wenye nyumba hawakuwa wanaume peke yao; wanawake waliotoka katika ndoa, au waliokusanya fedha kwa kupika pombe na kuuza vyakula, waliona kuwa nyumba ya vyumba sita ni mume asiyetoa talaka.

Leslie alipopita mitaani mwaka 1956 aliwakuta watu hawa, na utafiti wake uliochapishwa mwaka 1963 una thamani kwa sababu aliwasikiliza. Anaeleza jinsi mgeni kutoka bara anavyofikia kwa ndugu, anavyopata chumba kwa kupitia ndugu, na jinsi baraza inavyogeuka kuwa mahakama, mkahawa na ofisi ya ajira. Serikali wakati ule ilikuwa ikijenga nyumba za kota kwa ajili ya Waafrika huko Ilala, Magomeni na Temeke, lakini hazikuwa zikikaribia mahitaji. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta wakazi 128,742. Wengi wao walilala kwa mwenye nyumba.

Ujazo

Mwaka 1949 mji ulipata mpango kabambe wa kwanza wa enzi za Waingereza, uliochorwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb ya London. Katika mpango huo na sheria zilizoufuata, maneno ya rangi yalipisha maneno ya hesabu. Sasa kulikuwa na maeneo ya ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa. Viwanja vipana vya Oysterbay, penye upepo, vilikuwa vya ujazo mdogo. Upanga, ambako Wahindi walianza kujenga kwa wingi miaka ya 1950, palikuwa pa ujazo wa kati. Ujazo mkubwa ulikuwa wa Magomeni na Temeke.

Nilipousoma mpangilio huo nilisimama kidogo, kwa kuwa maneno hayo hayakuishia vitabuni. Nenda leo ofisi yoyote ya ardhi ukaombe kiwanja, utaulizwa: ujazo mdogo, wa kati au mkubwa? Anayeuliza ni kijana aliyezaliwa miongo mingi baada ya Uhuru, naye hana ubaya wowote moyoni. Lakini lugha anayotumia imepita mikono mitatu: ukuta wa Mjerumani, eneo la Mwingereza, hesabu ya mhandisi. Vijana wa mtaani wenyewe hawajadanganyika. Wao husema uswazi na ushuani, na kila mkazi wa jiji anajua mstari unapopita.

Mstari ule ulipata kugeuzwa kinyume mara moja. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi ili kutenganisha watu, ndio uliokuja kuwa mahali pa kuwakutanisha. TANU ilipoanza kufanya mikutano ya hadhara miaka ya 1950, pale palikuwa karibu na Kariakoo na palitosha kuweka umati. Na chama chenyewe kilikua kwenye nyumba za Kariakoo. Nyerere alipoacha ualimu mwaka 1955, alihifadhiwa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, mtoto wa familia ya mjini yenye nyumba, kabla hajapata nyumba yake Magomeni, ambayo sasa ni makumbusho. Wenye nyumba na wapangaji wao walikuwa na jambo moja lililowaunganisha: wote walikaa mjini kwa hisani ya serikali. Polisi walifanya misako ya kuwakamata waliowaita wahuni na kuwarudisha makwao, na mtu asiyekuwa na kazi ya kuonyesha alijificha uani kwa mwenye nyumba.

Mali ya Taifa

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipendekeza ardhi iweze kumilikiwa moja kwa moja na mtu binafsi. Nyerere akajibu kwa kijitabu alichokiita Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni zawadi ambayo hakuna mtu aliyeiumba. Alichokitengeneza mtu ni kazi yake juu ya ardhi, na hicho ndicho chake. Katika nchi ya maskini, ardhi ikiwekwa sokoni, wachache wenye fedha watainunua na waliobaki watakuwa wapangaji katika nchi yao.

Uhuru ulipopatikana hoja ile ikawa sheria. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja uliokuwa umebaki tangu enzi za Wajerumani ulifutwa. Mwaka mmoja kabla, 1962, lilianzishwa Shirika la Nyumba la Taifa, nalo lilianza kwa kubomoa. Nyumba za udongo Magomeni, Kariakoo na kwingineko ziliangushwa, zikajengwa za matofali. Nia ilikuwa njema, ila hesabu haikukubali: kila nyumba mpya ilikula nyumba ya zamani, na idadi ya vyumba haikuongezeka kwa kasi iliyotakiwa.

Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe halikai lilichukuliwa na serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Karibu majengo 3,000 yalichukuliwa nchi nzima, mengi yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Kihindi, na familia nyingi zilizojenga kwa vizazi viwili zikafunga mizigo na kuondoka. Kwa upande wa pili, Waafrika wengi waliingia kwa mara ya kwanza kupanga katikati ya mji ambao kuta zake ziliwakataa tangu mwaka 1891. Mambo yote mawili ni kweli, na historia ya mji huu haisomeki sawasawa kwa anayelikumbuka moja na kulisahau la pili.

Lakini kiwango kile cha shilingi 100,000 kilifanya kazi ambayo pengine haikukusudiwa. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita haikufika huko. Mwekezaji mkubwa akaogopa kujenga nyumba ya kupangisha; mwenye nyumba mdogo akabaki peke yake sokoni, kama alivyokuwa enzi za ukoloni.

Na watu walikuwa wakija. Mpango kabambe wa pili ulichorwa mwaka 1968 na kampuni kutoka Toronto. Wa tatu, nao wa Wakanada, ulitoka mwaka 1979. Katikati yake, wakazi walitoka 272,821 mwaka 1967 hadi zaidi ya 750,000 mwaka 1978. Hakuna kalamu ya mhandisi inayokimbia hivyo. Mwaka 1972 serikali ilikubali lililo wazi, ikaacha sera ya kubomoa na kugeukia kuboresha makazi yaliyokuwapo na kutoa viwanja vilivyowekewa huduma. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia vikapimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikapata barabara, mifereji na maji pasipo kuhamishwa. Ilikuwa mara ya kwanza serikali kumtazama mwenye nyumba wa udongo na kumwona kuwa ni mjenzi mwenzake. Fedha za mkopo zilipokwisha, upimaji ukazorota.

Kwa kuwa ardhi haikuwa na bei kisheria, biashara ya ardhi ikapata adabu zake. Mtu aliyenunua shamba la Mzaramo Kimara au Mbagala hakuandikiana naye kuwa amenunua ardhi. Alinunua maendelezo: minazi kadhaa, miembe miwili, msingi wa nyumba. Mjumbe wa nyumba kumi alitia saini, majirani wakasimama kwenye mipaka, fedha zikahesabiwa, na mnunuzi siku ya pili akaikata minazi aliyoilipia. Mji ulioanza kwa Majid kupanda minazi ulipanuka kwa watu kuinunua ili waiangushe. Ni mwaka 2004 tu, marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yalipofungua njia ya kuuza ardhi isiyoendelezwa, ndipo mnazi ulipopumzishwa na uongo huo.

Ghorofa

Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Benki ya Nyumba, iliyokusudiwa kumkopesha mjenzi wa kawaida, ilifungwa mwaka 1995. Biashara ilikuwa imeshafunguliwa, makontena yakamiminika, na Kariakoo, mtaa uliotengwa kwa ajili ya watu wasiotakiwa mjini, ikawa soko la nchi nzima na za jirani. Kiwanja cha nyumba ya vyumba sita kikaanza kuvutia watu wenye fedha.

Biashara ikafanyika hivi. Mwenye nyumba, au mara nyingi warithi wake, walitoa kiwanja. Mwenye fedha alijenga ghorofa. Wakagawana sakafu na fremu za maduka. Wengine waliuza moja kwa moja na kuhamia Tabata au Mbagala. Fremu ya chini ilitolewa kwa kilemba ambacho bibi aliyeijenga nyumba ile kwa fito asingekiamini. Baraza ikawa ngazi. Ukumbi ukawa korido ya maduka ya vitenge. Katika baadhi ya familia utajiri uliingia kweli. Katika nyingine uliingia ugomvi wa mirathi ambao haujaisha, kwa kuwa nyumba iliyokaliwa na watu wote ilikuwa haijaandikwa jina la mtu yeyote.

Ghorofa zikaota upesi kuliko wakaguzi. Mwezi Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji, mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36. Mwezi Novemba 2024 likaanguka jengo la Kariakoo lililojaa wafanyabiashara, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Kanuni ya 1891 ilikazania ukuta uwe wa kitu gani na aukaribie nani. Swali la kama ukuta utasimama limekuja kuulizwa baadaye, na kila mara juu ya vifusi.

Pagale

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Zaidi ya nusu wanaishi katika maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa. Kitabuni huitwa makazi holela, na neno hilo linanikera kidogo kila ninapolikuta. Holela ni kitu kisicho na utaratibu. Mahali ambapo mauziano hushuhudiwa na majirani wanne na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambapo kila mtu anajua mpaka unapita kwenye mnyaa upi, pana utaratibu. Kinachokosekana ni ramani, barabara pana ya gari la zimamoto na mahali pa kupitisha maji ya mvua. Hivyo ni vitu vikubwa, na mvua za masika hukumbusha kila mwaka ubaya wa kuvikosa. Lakini vilikosekana kwa kuwa mpimaji alichelewa, na mpimaji alichelewa kwa kuwa tangu mwanzo mpango ulitungwa kwa ajili ya kueleza nani asikae wapi.

Ndiyo maana, baada ya masomo yote hayo, siamini tena kuwa historia ya mji huu ni orodha ya mipango iliyoshindwa. Sultani alijenga akafa. Wajerumani walichora wakafukuzwa. Waingereza waligawa, wakaondoka. Serikali huru ilibomoa, ikatwaa, ikajenga, ikakopa, ikaishiwa. Katika vipindi hivyo vyote kuna mtu mmoja ambaye hakupumzika. Alikuwa na makosa yake: alipandisha kodi, alimtolea mpangaji vyombo nje, alijenga mpaka kwenye mfereji wa jirani. Hata hivyo ndiye aliyempokea kila aliyeshuka kwenye treni, kisha kwenye basi, bila kumwuliza hati.

Ukitoka leo kuelekea Chanika au Goba utamkuta. Ameinua kuta za tofali mpaka usawa wa linta, fedha zikamwishia, nyumba ikabaki pagale. Chumba kimoja amekiezeka kwa mabati na kukitia mlango. Ndani amemweka mpangaji, kijana wa bodaboda, ambaye kodi yake ya miezi sita imekwisha kununua saruji ya chumba cha pili. Siku moja atapita mpimaji na kamba yake, atafute pa kuchimbia bikoni, na atalazimika kuuzunguka ukuta alioukuta umesimama.